Kilindi cha Wanawake

Nilitoka Tiwi, ufukweni mwa bahari, nikaolewa karibu na Ramisi, katika miaka ya hamsini, na huko sikutulia. Mume wangu akishaondoka kwenda kiwanda cha sukari, nilifagia ua, nikaketi, nikainuka, nikaufagia tena.

"Mwanangu, keti," mama mkwe aliniambia. "Wanichosha kukutazama."

"Siwezi, mama."

Siku moja akanichukua hadi mtoni, mahali mto ulipopinda na kufanya kilindi. Tangu zama za bibi yake, mchana palikuwa pa wanawake, na wanaume walioga baada ya alasiri. Maji yake yalikuwa na chumvi kidogo. Nikapiga mbizi, na kule chini moyo ukaacha kunienda mbio. Nikawa naenda kila siku.

Kisha wakaja wakata miwa kutoka bara. Hawakuijua desturi yetu. Adhuhuri waliteremka na masizi ya miwa iliyochomwa, nasi tukatimka na leso zimetuganda mwilini. Wenzangu wakaanza kuogea ndoo nyuma ya nyumba. Mimi nilijaribu nikashindwa. Usingizi wenyewe ulinipaa.

"Kesho nakwenda," nikasema.

"Hutakwenda peke yako," mama mkwe akajibu, akapita nyumba kwa nyumba kuwaita wengine.

Wanaume walipofika walitukuta ndani ya maji, leso tumezifunga kifuani. Hatukutoka. Mtu mzima mmoja akasema, "Mama, tumetoka kazini. Tuoge wapi?"

"Salamu kwanza, baba," mama mkwe akamwambia.

Akainamisha kichwa. "Shikamoo."

"Marahaba. Hapa ni petu mpaka alasiri. Teremkeni mpaka kwenye ule mkuyu, kuna maji safi."

Kijana mmoja alikwisha kuvua shati. Yule mtu mzima akamshika mkono, wakaenda zao. Tangu siku hiyo wakipita walipiga hodi kutoka mbali.

Masika yaliyofuata mto ulifurika, na maji yalipopungua kilindi kilikuwa kimejaa mchanga. Wenzangu waliacha kwenda. Mimi nililala kifudifudi katika maji ya kina cha kiganja, tumbo likikwaruza chini, nikarudi nyumbani na hasira, nisijue namkasirikia nani.

Mume wangu akanipa ruhusa nikapumzike kwetu Tiwi. Nilikwenda. Bahari ilikuwa pale pale, maji tele, nikaogelea mpaka mikono ikachoka, lakini moyo haukutulia kama kule kilindini. Hata wiki haijaisha, nikawa naulizia gari la Ramisi.