Tajiri wa Lori la Mwanangu

Binti yangu wa tatu ana lori. Nalitanguliza hilo kwa sababu watu wakisikia habari za lori huuliza kwanza ni la mumewe au la tajiri gani. Si la mumewe. Mumewe ni fundi cherehani, mtu mwema, lakini hata baiskeli humtoa jasho. Lori ni lake mwenyewe, la tairi kumi, na nataka kuandika namna alivyolipata, maana nimeshasikia habari hii ikisimuliwa na watu ambao hawakuwepo, na kila mmoja anatia chumvi yake.

Aliingia kwenye malori kwa mlango wa nyuma. Alikuwa karani wa ghala, anaandika mizigo inayoingia na kutoka. Madereva wakienda kula, foleni ikisogea, yeye ndiye aliyewasogezea magari ili wasigombane na wa nyuma. Siku moja dereva mmoja mtu mzima akasimama kumtazama, akamwambia, "Binti, mtu anayerudisha lori nyuma namna hii bila kugusa ukuta anapoteza wino wake bure." Maneno yakamwingia. Akaenda kusomea leseni.

Nilimgombeza wiki nzima. Nikamwambia kazi ile ni ya wanaume watupu, njia ni ndefu, mgongo utamuuma. Akanijibu, "Mama, mgongo unaniuma hata kwenye kile kiti cha ghala." 

Miaka kumi na mmoja aliendesha magari ya watu. Wenzake walimpa jina la Turubai, kwa sababu hakuna aliyejua kufunika mzigo kama yeye. Wengine hufunga kamba na kuondoka. Yeye huzunguka gari mara mbili, anazipiga kamba kwa kiganja moja moja, na ile iliyolegea anaifungua na kuifunga upya. Walimcheka sana.

"Turubai, unafunga saruji au unafunga mtoto mgongoni?"

"Wewe mtoto wako ameanguka mara ngapi? Wangu bado."

Kisha mvua ilinyesha siku mbili njiani, saruji yao ikafika imekuwa mawe, ya mwanangu ikafika unga mkavu. Jina halikubadilika, ila tangu siku hiyo lilitamkwa kwa adabu kidogo.

Mtu akiendesha mali ya mwenzake miaka yote hiyo, inafika siku anajiuliza uzee wake utakaa wapi. Kulikuwa na kampuni inayokodisha malori kwa mpango wa kuyamiliki. Unatanguliza kiasi, unafanya kazi na gari, unalipa kila mwezi kwa miaka mitatu, mwisho kadi ya gari inahamia jina lako. Alitoa akiba yake yote. Mumewe akauza cherehani moja kati ya mbili, wala hakuombwa. Lakini mpango ule ulikuwa na meno: ufunguo wa pili wa lori ulibaki kwenye droo ya kampuni. Ukikosa kulipa miezi miwili mfululizo, anakuja mtu na ufunguo ule, anaketi, anawasha, anaondoka. Hata kugonga mlango hana haja.

Siku ya kwanza na lori lake alikwenda kwenye uwanja wa mizigo, ameliosha na kuling'arisha. Dalali akamjia. "Dada, tajiri wako nampataje tuzungumze bei?"

"Tajiri ni mimi."

Dalali akacheka mpaka akashika bampa. Akawaita wenzake. "Jamani, njooni mmwamkie tajiri!" Walipomaliza kucheka wakampa nusu ya bei. Akikataa, wanampita na kwenda kwa lori la nyuma yake. Wiki mbili nzima alibeba mizigo ya kulipia dizeli tu.

Sasa, madereva wa kuajiriwa wana desturi yao. Dereva hafungi bei. Akibanwa anasema, "Ngoja nimpigie tajiri," anakwenda nyuma ya gari, anazungumza, anarudi na jibu. Dalali anaweza kumtisha dereva aliye mbele yake, lakini atamtishaje mtu asiyemwona? Mwanangu alikuwa amelisema neno hilo miaka kumi na mmoja. Basi siku moja wamembana aongeze mifuko arobaini juu ya mia tatu, kwa bei ile ile, mdomo ukamtoka wenyewe: "Ngoja nimpigie tajiri."

Dalali akaanza kungoja kwa heshima. Ikabidi simu ipigwe kweli. Mumewe alikuwa anampima mteja, hakupokea. Akanipigia mimi. Nilikuwa nachambua maharage.

"Shikamoo tajiri."

"Umelewa?" nikamwuliza.

"Hapana tajiri. Wanataka niongeze mifuko arobaini, bei isibadilike."

"Breki zitashika?"

"Kwa mteremko ule, hazitashika tajiri."

"Basi waambie hiyo arobaini waibebe kichwani!"

Nikamsikia akiwaambia kwa unyonge wa kuigiza, "Tajiri amekataa. Leo amekuwa mkali sana." Nao wakapakia mia tatu, kwa bei nzuri.

Tangu hapo nikawa na kazi. Simu ikilia mchana naacha sufuria jikoni. Tajiri akavuma pale uwanjani. Wakasema ni mzee mwenye upara, hana watoto, hacheki. Mmoja aliapa kwamba aliwahi kumfanyia kazi na akafukuzwa. Mwanangu alipoleta habari hiyo nyumbani tulicheka mpaka mumewe akajichoma sindano.

Zaidi ya mwaka ukapita hivyo. Kisha ujenzi ukasimama, mizigo ikakauka. Malori yalijaa uwanjani kama ng'ombe kisimani wakati wa kiangazi. Mwezi mmoja hakulipa. Wa pili ukaanza kuyoyoma, na kila gari dogo lililosimama mbele ya nyumba yake lilimwinua kitini.

Hapo ndipo kiwanda cha saruji kilipotangaza kinataka malori machache kwa mkataba wa mwaka mzima, bila dalali, na malipo ya wiki mbili za kwanza yanatangulia. Meneja alimjua mwanangu kwa kazi yake. Akamwambia, "Gari lako ninalitaka. Mwambie tajiri aje Alhamisi atie saini. Na aje na shahidi."

Tajiri! Tukatazamana. Uongo wetu ulikuwa umekua, sasa unadai viatu.

Kaka yangu, mjomba wake, akasikia, akaja amevaa koti. "Nimezaliwa na sura ya tajiri," akasema, "pesa tu ndizo zilizochelewa."

"Mjomba, ukiulizwa gari lina gia ngapi?"

"Nne."

"Tisa."

"Tajiri hahesabu gia, mwanangu. Tajiri anakohoa tu."

Akakohoa kutuonyesha. Kwa kweli alikohoa vizuri. Mimi nilikuwa upande wake, sifichi. Niliona siku zimebaki tisa na ufunguo uko kwenye droo ya watu. Lakini mwanangu akasema, "Mjomba, akitia saini mtu, mkataba ni wake. Nimewaendeshea watu miaka kumi na mmoja ili niache kuendesha gari la mtu. Leo nikuweke wewe juu yangu kwa mkono wangu mwenyewe?"

"Kwani mimi nitakudhulumu?"

"Hutanidhulumu. Ila nitakuwa dereva wako."

Kaka yangu akavua koti, akalikunja mapajani. Hakukasirika sana, alikunywa chai vikombe viwili.

Alhamisi nikaenda mimi, kama shahidi. Ofisi ya meneja ilikuwa chumba kidogo juu ya ngazi za chuma. Vumbi jeupe lilikuwa kila mahali, mezani, kwenye mafaili, hata kwenye nyusi za meneja mwenyewe. Akatukaribisha, akachungulia mlangoni nyuma yetu.

"Tajiri anaegesha gari?"

"Tajiri ni mimi," mwanangu akasema.

Meneja hakucheka. Hilo lilinitisha zaidi. "Na yule mzee mkali wa kwenye simu?"

Mwanangu akanionyesha kwa kidevu. Meneja akanitazama mimi, mkoba wangu na kitenge changu. "Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Kwa hiyo mlitudanganya."

"Niliwadanganya madalali, na wewe ukasikia kwao, nami nikanyamaza," mwanangu akasema. "Hilo ni kosa langu. Niliposema gari ni langu walinipa nusu ya bei, niliposema ni la tajiri wakanipa bei kamili. Mkataba wa kulinunua lori huu hapa, jina la mnunuzi ni langu. Saruji yenu nimeibeba mara kumi na tisa. Naomba ufungue daftari lako uniambie ni mfuko upi uliorudi umeganda."

Meneja akafungua daftari. Akapitisha kidole ukurasa mmoja, akageuza, akapitisha tena. Akalifunga.

"Hakuna," akasema. "Basi tutie saini. Lakini bei tuiangalie upya. Niliipanga nikijua kuna dereva wa kulipwa na kuna mwenye gari. Kumbe ni mtu mmoja. Tupunguze theluthi."

 Nikataka kusema, kubali, mwanangu, kubali! Theluthi mbili ni bora kuliko kurudi ghalani. Mkono wa mwanangu ukaenda mfukoni kwenye simu. Niliuona. Ulikaa humo kidogo, kisha ukatoka mtupu, akauweka juu ya meza.

"Dereva wangu anaamka alfajiri, anashika usukani kutwa nzima, anafunga turubai. Huyo anastahili mshahara wake," akasema. "Mwenye gari ananunua tairi na dizeli, na ndiye anayekosa usingizi. Huyo naye anataka chake. Wamekaa kwenye mwili mmoja, ndiyo, lakini hawali kwa kijiko kimoja. Bei ni ile uliyomtangazia tajiri."

"Na nikikataa?"

"Utanikosa. Nami nitakukosa, sitakuficha. Nitaumia kuliko wewe. Lakini bei ni ile."

Sauti yake haikupanda. Nimemzaa mimi, nimemlea mimi, na sijui alikoitoa sauti hiyo. Chini uwanjani lori lilikuwa linapakia, mifuko ikianguka pu, pu, pu. Meneja akapangusa vumbi kwenye karatasi kwa kiganja, akazisukuma mbele ya mwanangu.

"Afadhali ningezungumza na mama," akasema.

"Mimi ningekubali," nikamwambia. Sote tukacheka, lakini ilikuwa kweli tupu.

Mwanangu akatia saini, kwa bei ile ile. Nami nikatia yangu penye shahidi, majina yote matatu, kwa mwandiko wa shule ya msingi ambao mwalimu wetu aliusifu. Malipo ya mwanzo yakatoka, miezi miwili ikalipwa, na yule mtu wa ufunguo hatujamwona sura mpaka leo. Kadi yenye jina la mwanangu ilitoka mwaka uliofuata. Mumewe aliitia kwenye fremu. Akaambiwa kadi inatakiwa kuwa ndani ya gari, akaitoa kwa shingo upande.

Siku hizi wanakuja wanawake wengine kumwuliza waanzeje. Wawili tayari wanaendesha, mmoja ametanguliza kiasi kwa lori lake. Mwanangu huwaambia waseme tangu siku ya kwanza kwamba gari ni lao, na wavumilie njaa mpaka watu wazoee. Mimi humbishia. Nasema tajiri wa kubuni alimvusha pabaya. Yeye anasema angemfunga abaki dereva daima. Tumelijadili mara nyingi na kila mmoja amebaki na lake, ila wale wanawake wanamsikiliza yeye, nami nikiwaona wanavyomsikiliza, nanyamaza kwa furaha.