Nilivyomzika Mtu Redioni Naye Bado Anakunywa Chai

Nianze kwa kutaja waliokuwepo, maana mimi bila kutaja watu siwezi hata kumeza mate.

Siku ile ya shukrani, nyumbani kwangu Lodwar, alikuwepo binti yangu mkubwa, ambaye sherehe ilikuwa wazo lake. Alikuwepo mume wake, aliyechinja mbuzi mmoja akatembea siku nzima kama mtu aliyeua simba. Alikuwepo mjukuu wangu wa kike, mwalimu wa chekechea, ambaye hunisaidia kupiga simu kwa sababu vidole vyangu hubonyeza namba mbilimbili. Alikuwepo pasta, aliyealikwa kwa ajili ya maombi akaja kwa ajili ya maini. Alikuwepo mwenyekiti wa kikundi chetu cha salamu, askari mstaafu, ambaye pia ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, kwa hiyo ananichokoza kwa haki mbili. Walikuwepo wanasalamu saba wa hapa mjini, mmoja wa Kerio aliyekuja ananuka samaki kwa heshima, na mmoja wa Namoruputh. Na alikuwepo mwanamke mmoja wa Kakuma ambaye mimi nilikuwa nimeshamzika.

Majina yao yote ninayo, na ya mama zao pia. Lakini mjukuu wangu, ambaye kwa Kiturkana huniita Ata, yaani bibi, amesema, "Ata, kitabu si redio, hapa hatutaji watu." Haya. Nimefunga mdomo, na unaniuma.

Kuna watu hufuga njiwa, wengine hufuata mpira. Sisi tunasalimia. Kila Jumamosi mchana redio yetu ya huku hufungua simu, unapiga, unataja watu wako, unawatakia afya, mvua, na mbuzi wazae mapacha. Basi. Hakuna zawadi. Wenzangu husoma kwenye karatasi. Mimi shule ilinifikisha darasa la tatu, kisha mbuzi wakanihitaji zaidi ya mwalimu, kwa hiyo orodha yangu iko kichwani. Nikipewa simu nataja watu thelathini bila kuvuta pumzi, kila mtu na mahali pake na ugonjwa wake. Watu husema nina kipaji. Ngoja uone kilinifanyia nini.

Sheria yetu ni ndogo. Ukitajwa, unajibu Jumamosi inayofuata. Ukikaa kimya Jumamosi tatu, wenzako wanakutafuta.

Huyu wa Kakuma anatoka Sudan Kusini, anaishi kwenye kambi ya wakimbizi. Urafiki wetu ulianza miaka sita nyuma, siku aliposema redioni, "Namsalimia yule mama ya Lodwar anacheka kama fisi." Nilijibu Jumamosi iliyofuata kwa kicheko kitupu, mpaka mtangazaji akakata simu. Hatukuwahi kuonana. Sauti tu, kila wiki. Siku ya kwanza alijitambulisha kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, nami tangu hapo nikawa namtaja hivyo hivyo, majina matatu kamili, kwa mpangilio.

Basi akanyamaza. Jumamosi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mjukuu akapiga simu, haipatikani. Wiki hiyo akapita mama mmoja muuza samaki aliyetoka Kakuma, akasema amesikia kuna mama wa Sudan, mpenzi wa redio, amezikwa. Sikumuuliza mama yupi. Kulia kulikuwa kumeshaanza, na mimi nikianza kulia sisimami kuuliza maswali.

Mwenyekiti aliniambia, "Shemeji, ngoja kwanza tuthibitishe." Nikamwambia hivyo ndivyo askari huongea, ndiyo maana wezi huwaacha mbali.

Jumamosi ya nne nilipiga simu redioni nikatoa rambirambi. Nikamtaja marehemu, majina matatu. Nikataja watoto wake watano. Nikataja jirani wa kulia anayemwazima jiko, jirani wa kushoto ambaye hawaongei, mchungaji wake, kwaya yake sauti kwa sauti, mama Mkongo anayemsuka nywele, na Msomali mwenye duka. Watu thelathini na mmoja, wote niliowajua kutoka kwenye salamu zake za miaka sita, kila mmoja nikampa pole yake. Ningesahau wawili watatu, Kakuma wangetilia shaka. Lakini nani angekataa kifo kilichotangazwa vizuri namna ile?

Wakaja wote matangani kwake. Hata jirani wa kushoto.

Marehemu alikuwa upande mwingine wa kambi, kwa binti yake aliyejifungua. Simu yake ilikuwa imeanguka kwenye ndoo ya maji siku ya kwanza, na redio huko hakuna. Hakujua lolote.

Yaliyofuata niliyajua kwa masikio yangu. Jumamosi iliyofuata alipiga simu redioni. Mimi niliposikia ile sauti niliangusha bakuli la maziwa. Alisalimia Lodwar yote. Mwenyekiti alisalimiwa. Yule wa Kerio alisalimiwa. Fundi wa viatu wa pale karibu na kwangu, ambaye hata si mwanasalamu, alisalimiwa yeye pamoja na nyundo yake. Mimi aliniruka. Wiki iliyofuata, tena. Wiki ya tatu alimsalimia mbuzi wangu mweupe, ambaye mimi mwenyewe nilimtaja redioni mwaka uliopita, akamtakia malisho mema. Mwenye mbuzi, kimya.

Nimezaa watoto saba, nimezika mume, nimehama ukame zaidi ya mara nne. Sikumbuki kitu kilichonikosesha usingizi kama yule mbuzi. Nilimpigia simu yake mpya, hakupokea. Nikaomba msamaha redioni, akajibu kwa kumsalimia mtangazaji.

Wakati huo ndipo nilipotolewa mtoto wa jicho, macho yote mawili, na binti yangu akasema lazima tufanye shukrani. Nikasema sawa, lakini waje wanasalamu. Mwenyekiti akanitazama. "Na yule wa Kakuma?"

"Mwalike wewe. Kwangu mimi amekufa."

"Hapo ndipo shida ilipoanzia, shemeji," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Siku yenyewe watu walikaa chini ya turubai, jua likiwa kali kama kawaida yake. Pasta aliomba sala ndefu, jicho moja kwenye nyama. Nilikuwa naangalia sura za watu ambao kwa miaka nilikuwa naona ukungu wao tu, na wengine ningeomba ukungu urudishwe. Ndipo nikaona mwanamke mrefu, mweusi kama kisima, akiingia na mfuko mkononi. Sikumjua. Akaja mpaka mbele yangu, akasimama.

"Ejok," akasema, salamu yetu ya Kiturkana.

Ile sauti!

"Ejok," nikajibu. "Umekuja."

"Mimi nimekufa, niko na nafasi mingi." Akaniwekea mfuko mapajani. "Hii ni sukari ya matanga yangu. Ilibaki. Nimekuletea unywe chai ya kifo changu."

Binti yangu akachukua sukari, akaenda na mwenzangu jikoni kuipikia chai kweli. Waliporudi, mwenzangu akaketi akasimulia kwa wote: "Mimi narudi kwangu, naona turubai. Naona wanawake wanalia, wanachemsha kahawa na sufuria yangu. Nafikiri ni jirani. Naketi, naanza kulia na mimi, maana ni adabu. Nalia vizuri kabisa! Kisha nauliza ule mama karibu, nani amekufa? Anataja mimi. Anageuka aniangalie. Wallahi, yule mama alikimbia akaacha viatu."

Watu waliacha nyama wakacheka. Mimi sikujua kama ninaruhusiwa kucheka, nikajificha nyuma ya kikombe.

Basi akasimama, mfupa mkononi. "Sasa ni zamu yangu. Leo tumekusanyika hapa kulilia marehemu." Akataja jina langu, akaninyooshea ule mfupa. "Marehemu, kaa kimya. Maiti haijibu."

Nikafumba macho yangu mapya.

"Marehemu alikuwa na mdomo. Mungu alimfunga macho ili apunguze kuona mambo ya watu. Daktari akaharibu mpango ya Mungu."

"Amina," akasema pasta, kwa mazoea.

"Marehemu alizika watu bila kuuliza. Marehemu alicheka kama fisi. Nani mwingine ana neno juu ya marehemu?"

Mikono yote ikapanda, ya kwanza ya binti yangu. Akasema marehemu alikuwa anaficha nyama kavu kwenye kibuyu na kusingizia paka, na sisi hatujawahi kufuga paka. Mwenyekiti akasema marehemu alidharau polisi mpaka siku ya mwisho. Yule wa Kerio akasema marehemu alimtakia mvua redioni, ikanyesha, mto ukachukua nyavu zake. Mkwe wangu akasema marehemu hajamsifu kwa yule mbuzi aliyemchinja. Mjukuu wangu mwenyewe, niliyemlea kwa mikono hii, akaeleza jinsi marehemu anavyokoroma. Nilikaa maiti kwa muda mrefu kuliko wanavyostahili wafu wengi.

Walipokwisha, mwenzangu alikuwa bado amesimama. Sauti yake ikashuka.

"Kambini jina yangu iko kwa kadi, chini yake namba. Watu wananiita mama ya fulani, ama wananiita Sudan. Baba yangu alikufa kwa vita. Hakuna mtu alimzika, hakuna mtu alimtaja. Huyu mwanamke anamtaja kila Jumamosi. Hata siku ya kunizika hakuruka jina moja. Nilikaa kwa matanga yangu na hasira, na watu wananiambia, wametaja baba yako, wametaja babu yako, Kakuma yote imesikia." Akatazama mfupa. "Hiyo tu. Maini iko wapi?"

Maini yalikuwa yameshakwisha. Pasta aliangalia pembeni.

Alipokuwa anaondoka nilimshika mkono. "Sasa umenisamehe?"

"Khalas, basi, nimesema maiti haijibu. Sasa inauliza?" Akapanda gari akaenda.

Hakuna wiki iliyokuwa ndefu kama ile. Jumamosi nilikaa karibu na redio tangu asubuhi, mjukuu wangu kando yangu. Akaingia. Akasalimia mwenyekiti. Akasalimia yule wa Kerio na nyavu zake. Akasalimia fundi wa viatu, na nyundo. Akasalimia mbuzi. Nikanyoosha mkono nizime.

"Na mwisho," akasema, "salamu zimfikie marehemu wa Lodwar." Akataja jina langu, na la baba yangu, na la babu yangu aliyekufa kabla sijazaliwa, ambalo sijawahi kulisema redioni hata siku moja. Kumbe alimwuliza binti yangu siku ile, pale jikoni, wakipika chai. "Namwambia namsikia akicheka."

Nilikuwa nalia, lakini kwa heshima yake nikacheka. Mtangazaji, kijana mgeni asiyejua habari zetu, akasema, "Poleni sana familia ya marehemu," akaweka wimbo wa maombolezo.

Kabla wimbo haujaisha jirani yangu, mama wa Kaaleng, alikuwa mlangoni na kilo ya sukari, uso umelowa. Akanikuta nimekaa natafuna nyama kavu. Sukari niliipokea. Mtu akileta rambirambi, huwezi kumrudisha nayo, hata kama marehemu ni wewe.

Hayo ndiyo ninayokumbuka. Kama nimemruka mtu aliyekuwepo, au nimemweka wa Kerio mahali pa wa Namoruputh, au pasta anasema maini hakula yeye, nisahihisheni. Lakini njooni nyumbani mniambie. Msipige redioni. Sukari niliyo nayo inatosha.