Beringi za Basili wa Tlawi

Basili wa Tlawi ni mtu wa kusikiliza. Ukipanda mchomoko wake, ile gari ndogo anayobebea abiria kila siku kati ya Mbulu na Dongobesh, utamwona ameinamisha kichwa upande wa dirisha kama mtu anayeitwa kwa mbali. Si redio hiyo, ni magurudumu. Beringi ikianza kuchoka huvuma, kwanza kama nyuki mmoja, halafu kama mzinga mzima. Mwaka huu mzinga huo ulimchosha Basili. Anafunga mpya, anapumua kidogo, anasikia tena.

Ila kilichomkosesha raha hasa ni mke wake, Efrazia. Baada ya Pasaka walikuwa wanashuka mteremko wa Dareda kwenda Gitting kumwona mama yake Efrazia, na beringi ya mbele ikavunjika kwenye kona. Gurudumu likalala, gari ikaegemea ukingo upande wa mlima. Hakuumia mtu. Efrazia akafungua mlango, akajifunga kanga vizuri, akaanza kupanda mlima kwa miguu bila kugeuka. Tangu hapo Gitting anakwenda kwa basi, peke yake. Kwa dereva hilo ni jambo zito. Watu wote wa Mbulu wanakukabidhi roho zao, halafu mkeo hataki.

Basi mpwa wao Gerald, aliyeko Arusha, akamtumia video kwenye simu. Beringi za kauri. Yaani zile gololi za ndani si za chuma, ni za kauri ngumu, nyepesi, isiyoshika kutu. Basili akaitazama video ile mpaka simu ikaisha chaji. Akamwambia Efrazia, "Mara hii nafunga za kauri. Utapanda?"

Efrazia alikuwa anachambua maharage. "Nizione kwanza," akasema.

Nilikuwa nimefikia kwao siku zile, na kwa kuwa mimi ni mzee wa kutembeatembea, njia yoyote ni yangu, nikaenda naye Katesh, kwenye duka la spea la Tawakali.

"Shikamoo babu," Tawakali akanisalimu, kisha akamgeukia mwenzangu. "Kaka Basili, umerudi tena? Watu watasema tuna undugu."

"Niagizie za kauri."

"Naagiza, kwa nini nisiagize. Zile zilizokufa umekuja nazo?"

Basili alikuwa nazo kwenye mfuko wa rambo. Tawakali akaipasua moja kwa bisibisi, akachota grisi kwa kidole, akatuonyesha. Grisi nzuri huwa na rangi moja, imeshikana. Hii ilikuwa imepauka kama chai ya maziwa.

"Maji haya," akasema. "Unavuka mto wapi?"

"Sivuki. Daraja lipo."

"Unaoshea wapi?"

Basili akaanza kuukunja ule mfuko wa rambo. Mimi najua anakooshea. Baba yake alikuwa mtu wa ng'ombe, na akirudi kutoka mnadani hakukubali waingie bomani na vumbi la nchi nyingine. Aliwapitisha kwenye kijito cha chini, wasimame humo mpaka kwato zitakate. Basili hakurithi ng'ombe wengi, lakini desturi aliirithi yote. Kila jioni anatoka barabarani na kuitumbukiza gari kijitoni moja kwa moja, maji mpaka katikati ya magurudumu, anaisugua, ndipo anapanda nyumbani. Majirani wanamsifu kwa hilo.

Alipoeleza, Tawakali alicheka mpaka akashika meza. "Kaka, gari si ng'ombe! Gurudumu limetoka kwenye breki, limepata moto, unaliingiza kwenye maji ya baridi. Litayavuta ndani kama mtu mwenye kiu. Tena sili zenyewe za kuzuia maji zimeshachoka."

"Lakini kauri haishiki kutu."

"Gololi hazishiki. Njia zinamokimbilia ni chuma kilekile, na grisi ni ileile. Hizo ni za magari ya mashindano, kaka. Kwa mashimo yetu haya zitakusaidia nini? Chukua za kawaida, ila nzuri, na sili mpya. Na mtoni uache."

Basili akazigeuza zile za kawaida mkononi. Hakuwa na ubishi juu ya chuma. "Sasa Efrazia nitamwambia nini?" akauliza. "Nimeshamtajia kauri."

"Mwambie ni za kauri. Atazipasua aone?"

Njia nzima ya kurudi nilidhani Basili anaupima uongo huo, maana ulikuwa mwepesi kweli. Lakini alipofika aliziweka mbele ya mkewe na grisi mikononi. "Ni zilezile za siku zote," akasema. "Kilichokuwa kinaziua ni mimi na kijito."

Efrazia akamtazama. "Na kijito?"

"Basi. Nitachota ndoo, gari ikishapoa."

Efrazia akarudi jikoni. Ila Jumamosi alibeba kapu lake, akaketi kwenye gari, nasi tukaenda mpaka Dongobesh. Pale akashuka. "Kwenye tambarare nimekuamini," akasema. "Mteremko bado." Akapanda basi.

Basili hakuita abiria. Akaondoka nyuma ya basi, mimi pembeni yake, tukila vumbi lote. Kioo cha nyuma cha basi kilijaa nyuso, na uso wa Efrazia ulikuwa katikati. Tulipita na ile kona. Hakuyaondoa macho kwenye gurudumu la mbele.

Chini, Dareda, basi likasimama. Kijana mmoja akachungulia dirishani. "Mama, huyu ni mume au trafiki?"

"Basili!" Efrazia akaita kutoka juu. "Unafuata nini?"

"Nakufuata wewe."

"Gurudumu linalia?"

"Njoo usikilize mwenyewe."

Watu wakacheka, konda akagonga bati ili waondoke. Efrazia akamwambia angoje, akateremka na kapu lake, nami nikahamia kiti cha nyuma. Akafunga kioo, akanyoosha kidole tusiongee. Tukaingia kwenye lami. Alisikiliza kwa muda mrefu, kichwa kimeinama.

Halafu akasema, "Sasa mbona unakwenda pole hivi? Mama akishakula huwa analala."