Amplifaya Tatu Kati ya Kitengela na Bissil

Asubuhi ile niliamka nikajua kwamba sitalala tena katika chumba kile. Hakuna kilichokuwa kimetokea. Mama wa ploti, mwenye vyumba vile, hakuwa amenifukuza na sikuwa nimegombana na mtu. Nilikuwa tu nimekaa Kitengela kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa popote, na miguu ilikuwa imeanza kuniwasha. Nilikunywa chai ya rangi, nikasukuma nguo zangu ndani ya begi, nikatundika gitaa begani, nikachukua kasanduku kangu ka amplifaya mkononi, nikatoka. Barabarani nilisimama nikatazama huku na huku. Upande wa Nairobi magari yalikuwa yamefungana. Upande wa Kajiado barabara ilikuwa wazi. Nikaenda upande uliokuwa wazi.

Mpango sikuwa nao, ila jambo moja nilikuwa nimeapa. Nilikuwa nimechoka kubeba gitaa ambalo hakuna aliyelihitaji. Barabara hii inaishia Namanga, mpakani. Nikifika huko bila kupata hata mahali pamoja panapolitaka gitaa langu, nitaliuza, kisha nitafute kazi ya kupakua malori kama wanaume wengine.

Amplifaya yangu nyingine, ile kubwa, niliiacha kwa jirani, ambaye tayari alikuwa ameiwekea televisheni juu. Nilikuwa nimeipata kutoka kanisa dogo la mabati nililolipigia gitaa, kanisa hilo lilipohama mtaa na kukosa nafasi ya kuibeba. Niliacha shule kidato cha pili, lakini kufungua vitu nione ndani sijawahi kuacha. Siku ya kwanza niliifungua nyuma kwa bisibisi nikakuta vichupa vya kioo vinavyowaka rangi ya makaa. Niliketi nikivitazama mpaka uji ukamwagika jikoni. Nilipopiga uzi wa kwanza, vijiko vilitetemeka kwenye rafu, na mama wa ploti akaja mlangoni akiwa na mwiko mkononi.

"Ni nini hiyo inatembea chini ya nyumba?"

"Ni gitaa, mama."

"Gitaa gani iko na miguu?"

Basi nilidhani nimepata kitu cha kunivusha. Nilienda kupiga kwenye choma moja, baa ya kuchoma nyama nyuma ya mtaa, mahali pasipo na ukuta, panapotazamana na mbuga. Lile zimwi lililotetemesha vijiko lilitoka nje likawa kama mtu anayeongea huku anatafuna. Upepo wa Kitengela unajulikana. Sauti ilitoka kwenye spika, ikafika meza ya pili, ikabebwa kupelekewa swara. Mzee mmoja aliinua kichwa kutoka kwenye mbavu zake akaniuliza, "Kijana, umeanza ama bado unafunga kamba?" Nilipiga pale wiki chache, wakaleta jamaa wa kucheza nyimbo kutoka kwa kompyuta, na hakuna aliyeuliza niko wapi.

Kasanduku nilitengenezewa na fundi wa redio ili nifanye mazoezi bila kumsumbua mama wa ploti. Alichukua spika ya redio iliyokufa, mbao za kreti, na betri ya pikipiki. Kalilia kama nyuki ndani ya kopo. Sikutarajia chochote kutoka kwake na sikuwahi kukapeleka mbele ya watu. Nilikachukua asubuhi ile kwa sababu moja tu, kalikuwa kepesi.

Nje ya mji nilisimamisha lori lililobeba marobota ya nyasi. Kiangazi kilikuwa kimekaza na nyasi zilikuwa zikipelekwa kusini kila siku. Dereva alitoa kichwa.

"Unashukia wapi?"

"Sijui bado."

Alimgeukia utingo wake. "Umeskia? Kuna mtu hajui anashukia wapi." Halafu kwangu: "Panda huko juu. Lakini ukianza kuimba nitasimamisha."

Nilikaa juu ya nyasi hadi Kajiado, nikiuliza kila kitu nilichokiona na kukosa wa kunijibu. Kwa nini mawe ya hapa ni meupe na ya pale meusi? Nani hununua haya mageti yote yanayouzwa kando ya barabara, wakati nyuma yake hakuna nyumba? Tulipopita Isinya nilishatamani kushuka, na kama ningeshuka ningetamani kupanda tena.

Kajiado mjini nilizunguka na gitaa begani. Katika hoteli niliambiwa wana redio. Katika kanisa moja mlinzi aliniambia wana kinanda, tena kinajipiga chenyewe. Mbele ya duka la magodoro, mwenye duka, Msomali mwenye ndevu za hina, aliniita.

"Warya! Hiyo gitaa unauza?"

"Bado."

"Bado ni lini? Wacha nikupe godoro. Godoro mzuri, inchi sita, na blanketi juu. Wewe unaonekana mtu hajalala."

Alisema kweli, na nilicheka, lakini kicheko kiliniisha njiani. Mtu mmoja tu katika mji mzima alikuwa amelitaka gitaa langu, naye alilitaka bila mimi. Nilimwambia nikirudi nitapita. Nilijisikia nikisema hivyo, na sauti haikuwa ya mtu anayetania.

Kwenye kituo cha mafuta, wanawake kama kumi walikuwa wamesimama kando ya pikapu, wamevaa mashuka na shanga mpaka mabegani. Ilikuwa kwaya ya kanisa, inaenda kuimba kwenye harusi. Mkubwa wao, mama mrefu mwenye pengo mbele, alikuwa akimfokea mtu kwenye simu. Alipokata, macho yake yaliangukia mgongo wangu.

"Wewe! Sopa!"

"Epa," niliitikia salamu yake ya Kimaasai.

"Hiyo kitu inalia ama ni ya kubeba tu?"

"Inalia, yeyo," nilisema, nikimwita mama kwa lugha yake.

"Mtu wetu wa kinanda amesema tumbo inamuuma. Kila harusi ya mbali tumbo inamuuma. Panda."

"Naenda wapi?"

"Kwani ulikuwa unaenda wapi?"

Nikapanda.

Boma lilikuwa kando ya barabara, katikati ya Kajiado na Bissil. Kulikuwa na nyumba moja ya mabati mapya, mbili za udongo, zizi la mbuzi, na umati mkubwa. Jamaa aliyekodiwa kuleta vyombo vya sauti alikuwa ameshapanga spika zake, mbili kila upande, kila moja ikinizidi urefu. Jenereta ilinguruma nyuma ya choo. Nilienda moja kwa moja kuitazama amplifaya yake. Niliinama, nikachungulia nyuma, nikamuuliza joto lake linatokea wapi, na kwa nini feni ni mbili.

"Bro, wewe ni fundi ama mwanamuziki?"

"Ni kutaka kujua tu."

Alitazama kasanduku kangu. "Na hiyo ni nini? Umebeba chakula?"

"Ni amplifaya."

"Ya panya? Chomeka kwa mashine yangu. Hapa ni nje, upepo itameza hiyo kitu."

Nilikumbuka ile choma na zile mbavu. Sikubishana. Nilichomeka.

Yeyo aliimba mstari wa kwanza, wenzake wakaitikia, nami nikaingia. Mashine ile ilifanya kila kitu ambacho yangu kubwa ilishindwa kufanya. Sauti ilitoka safi na nzito, ikavuka zizi, ikafika barabarani. Nilimwona dereva mmoja wa lori akipunguza mwendo na kutoa kichwa dirishani. Nilipiga kama tunavyopiga kwenye makanisa ya Kitengela, bila kuacha upenyo wowote, kila nafasi nikiijaza kwa vidole. Baada ya muda niligundua kwamba wanawake wamenyamaza. Walikuwa wamesimama wima, wote wakinitazama. Nikasema moyoni, hapa nimewashika. Nilifumba macho, nikapanda hadi kwenye nyuzi nyembamba, nikawapa kila nilichokuwa nacho.

Nilipofumbua, walikuwa wamesimama vile vile. Mmoja alikuwa akirekebisha shanga za mwenzake. Mwingine alipiga mwayo. Mkono wangu ukasimama.

Yeyo alinisogelea. "Ero, kijana, umemaliza?"

"Kumaliza nini?"

"Kuongea."

"Sikuwa naongea, yeyo. Nilikuwa nafuata wimbo wenu."

"Wimbo yetu iliisha kitambo. Mtu akianzisha, wengine wanangoja amalize ndio waitikie. Hiyo gitaa yako ilianzisha, tukangoja. Ikaongea, ikaongea. Sasa tutaitikia saa ngapi?"

"Kama mwanasiasa kwa mazishi!" mwanaume mmoja alipaza sauti kutoka zizini, na boma zima likacheka. Bwana harusi naye alicheka, na alikuwa amekaza uso tangu tufike.

Nilichomoa waya. Nilianza kufunga mfuko wa gitaa, na zipu ilikuwa ikinikatalia. Barabara ilikuwa pale pale, magari ya kwenda Namanga yakipita moja baada ya lingine. Ningeweza kusimamisha lolote. Mpakani hakuna anayenijua, gitaa ningeliuza na mambo yangeisha, mikono yangu ikabaki mitupu na miepesi. Nilishaanza hata kujiuliza malori ya pale hubeba nini.

"Unaenda wapi?" yeyo aliuliza. "Hiyo ingine ni ya nini?" Alikuwa akionyesha kasanduku.

"Hiyo ni ndogo. Haitasikika."

"Mimi pia sauti yangu ni ndogo. Washa."

Nilikaweka chini nikakawasha. Beberu mmoja alikuja mara moja akaanza kunusa nyaya. Mwanamke mmoja wa kwaya alimfukuza, akakainua kasanduku, akakaweka juu ya tanki la maji lililokuwa kwenye kona ya nyumba ya mabati, tanki jeusi la plastiki linalofika kifuani. "Hapo," alisema. "Huko chini atakula hizo kamba na harusi iishe."

Nilipiga uzi mmoja mzito, kujaribu tu.

Tanki lilikuwa tupu. Mvua haikuwa imenyesha tangu lilipowekwa. Sauti ya kasanduku ilishuka ndani yake, ikazunguka, ikatoka ikiwa kitu kingine, kizito na kipana, kitu nilichokisikia tumboni kabla ya masikioni. Nilipiga tena. Niligonga tanki kwa ngumi, nikaweka sikio, nikasogeza kasanduku karibu na mfuniko, nikaufungua mfuniko nichungulie ndani.

"Ero! Tunangoja!"

"Naja, yeyo, naja."

Safari hii yeyo hakuanza yeye. Aliniashiria kwa kidevu. Nilipiga mstari mmoja mfupi, kisha nikanyamaza.

Hapo pa kunyamaza ndipo palipokuwa pagumu. Mimi si mtu wa kungoja. Hata supu huwa nainywa ikiwa bado inachemka. Vidole vilitaka kuendelea vyenyewe, ikabidi nivikunje. Kwa muda ule mfupi hakukuwa na kitu, ila mbuzi na upepo. Halafu wanawake wakaitikia wote pamoja, mabega yao yakaruka na shanga zikalia kwa pamoja. Nikapiga tena mstari, nikanyamaza tena. Wakajibu. Mara ya tatu wanaume waliokuwa zizini, ambao hawakuwa wa kwaya wala hawakuwa wametujali, walianza kunguruma kooni, sauti ile ya chini isiyo na maneno, na ilikuwa kwenye kina kile kile cha sauti ambapo tanki lilikuwa linanguruma. Sikujua tena ipi ni ya plastiki na ipi ni ya watu. Spika zile ndefu zingeifunika. Kasanduku hakakuwa na nguvu za kumfunika mtu yeyote, na sauti nzito kalikuwa kamelazimika kuiazima.

Jenereta ilinyamaza. Nilidhani petroli imeisha, kumbe jamaa wa mashine alikuwa ameizima ili asikie vizuri. Alikuja akasimama kando ya tanki.

"Hii umetengeneza aje?"

"Sijatengeneza. Ni mbuzi."

Hakunielewa, na sikuwa na nafasi ya kumweleza. Mstari ulikuwa wangu.

Tuliimba mpaka bibi harusi akatoka na kuondoka polepole bila kutazama nyuma, kama desturi inavyomtaka, na yeyo akafuta macho kwa ncha ya shuka. Baada ya kula, pikapu ilikuwa ikiendelea hadi Bissil, kwa dada mmoja wa yeyo, kabla ya kurudi Kajiado. Nilikaa nyuma kati ya sufuria mbili na wanawake waliokuwa wakibishana ni nani aliyekosea wimbo wa tatu.

"Jumamosi ingine kuna harusi mbele ya Bissil," yeyo alisema. "Utakuwa?"

Nilitazama barabara. Nilitaka kusema nitaona, kama nilivyozoea kuwaambia watu.

"Huko kuna tanki?" niliuliza.

"Tanki ni mingi. Maji ndio hakuna."

Wakacheka, na mimi nikasema nitakuwa. Namanga ilikuwa bado mbele, na mambo yake nilitaka kuyaona, lakini sikuwa na kitu cha kuuza huko.

Bissil ilikuwa imejaa vumbi la jua kushuka na ng'ombe waliokuwa wakirudishwa kutoka kunyweshwa. Sikuwahi kufika hapo. Kabla ya kufika kwenye nyumba za kulala nilikuwa nimeshauliza watu wawili kwa nini ng'ombe wa hapa wana alama masikioni na wa kule hawana, na kila mmoja alinijibu lake. Mwenye nyumba alikuwa mama kutoka upande wa Nyeri, amefunga leso ya kanisa kichwani, anachambua maharagwe mlangoni.

"Niko na room mbili," alisema. "Moja iko nyuma, imetulia, hata magari huskii. Ingine ni hii ya mbele, iko na dirisha kwa barabara, na malori ziko hapo usiku wote."

"Ya mbele."

Alinitazama, akatazama gitaa, akatazama kasanduku.

"Haya. Unakaa mpaka lini?"

"Mpaka Jumamosi," nilisema, nikashangaa kusikia siku ikinitoka mdomoni. Akafuta mikono kwenye leso ya kiunoni, akaenda kunitafutia ufunguo.