Kisanduku cha Wekundu

Wanafunzi wa uuguzi walimwita Bi Joto, naye alijua, wala hakujali. Miaka kumi na tisa alisimamia chumba cha vidonda: kitanda kimoja, mabeseni mawili, na harufu ya dawa isiyotoka hata kwa dua. Kila mgonjwa alimgusa kwa nyuma ya kiganja kabla ya kumtazama. Wanafunzi wakaiga, kwanza kwa mzaha, kisha kwa mazoea.

Hakuzaliwa na ujuzi huo. Fomu ya uchunguzi ilikuwa na kisanduku cha kujaza wekundu, dalili ya maambukizi, na kitabu cha mafunzo kilikuwa na picha ya mguu wa Mzungu, mwekundu kama nyanya. Alipokuwa bado mgeni kazini, dada yake mkubwa alikuja akilalamikia mguu. Aliutazama mguu ule mweusi, akaandika hapana, akampa vidonge vya maumivu. Siku ya tano ukakatwa chini ya goti. Majuto ni mjukuu, lakini wake alikuja kabla hata hajaolewa.

Mwaka huu, siku ya mtihani wa vitendo, dada alikuja tena. Mguu uliobaki ulimuuma tangu jana. Akakubali kupimwa na mwanafunzi. Binti yule aligusa, akaandika: joto, uvimbe, ngozi imekaza, rangi imekolea; aanze dawa leo. Mkuu wa mitihani, daktari aliyeamini karatasi kuliko macho, akampa sifuri. Mwongozo wake wa majibu ulitaka wekundu, na pasipo wekundu hakuna maambukizi. Mgonjwa arudi nyumbani. Bi Joto alieleza, akabishana, akaambiwa utaratibu ni utaratibu.

Dada yake akapandisha gauni.

"Hebu tazama, daktari. Unaona nini?"

Mkuu alivaa miwani, akainama. "Sioni kitu, mama."

"Hata mdogo wangu hakuona," alisema dada, akagusa kwa gongo pale mguu wa pili ulipoishia.

Mkuu akaweka nyuma ya kiganja kwenye ngozi, akakiacha hapo kwa muda. Alifuta sifuri, na juu ya kisanduku cha wekundu akaandika kwa kalamu: joto.

Binti alifaulu, na Bi Joto alimfurahia. Lakini miaka yote hiyo dada yake hakuwahi kulitaja jambo lile mpaka leo, hata walipogombana. Bi Joto alichukua sindano ya dawa, akamdunga dada yake kwa mkono wake mwenyewe.

"Polepole, mdogo wangu," dada alimwambia. "Safari hii umewahi."