Maziwa Yaliyoenguliwa

Mzee alikuwa muuza maziwa tangu ujana wake mpaka magoti yalipomgomea. Alikamua ng'ombe wa watu, akayapitisha maziwa mlango kwa mlango kwa baiskeli. Kwa maziwa hakuna aliyemdanganya. Akinusa ndoo tu alikwambia ng'ombe amekula nini. Mke wake ndiye aliyechemsha ya watoto wao na kuyaengua. "Mafuta yanamlemea mtoto mchanga," alikuwa akisema, na watoto wao wote walikua.

Mke akafariki binti yao wa mwisho akiwa na mimba kubwa. Mtoto alipozaliwa, bibi wa kumlea hakuwepo. Palikuwa na babu tu.

Binti alikuwa mshonaji katika kiwanda cha sare. Kazi yenyewe ya kibarua: ukikaa sana nyumbani, kwenye cherehani yako anakaa mwingine. Mumewe alikuwa dereva wa malori, na simu yake ilipatikana anapotaka yeye. Basi kitovu cha mtoto kimeanguka juzi tu, mama yake akarudi kazini, pampu ya mkono ya kukamulia maziwa ndani ya mkoba.

Alikuwa akikamulia stoo, kati ya marobota ya vitambaa, mgongo ameukandamiza mlangoni kwa kuwa mlango haukuwa na komeo. Msimamizi anagonga.

"Mama Maziwa, bado tu? Mashati hayajishoni!"

Wenzake huko nje wanacheka. Jioni anarudi na chupa zake, anazipanga kwenye friji.

"Baba, usichemshe. Weka chupa kwenye maji ya moto, yapate uvuguvugu, halafu mnyweshe kwa kikombe, polepole."

"Mimi nimezeekea kwenye maziwa, leo unifundishe wewe?"

"Nakukumbusha tu, baba."

Mzee alifuata yote. Hakuchemsha. Ila kila alipotoa chupa kwenye friji aliona juu tabaka la njano, na chini maziwa mepesi kama maji ya kuoshea mchele. Alichukua kijiko, akaengua. Mkono ulijua wenyewe. Kumwaga hakuweza, hajawahi kumwaga maziwa maishani mwake. Yale mafuta akampaka mjukuu miguuni na mashavuni. Mtoto aking'aa, majirani wanasifia.

Kliniki, nesi alimlaza mtoto kwenye mizani, akaguna.

"Ngozi nzuri, mama. Uzito sasa, hakuna. Maziwa yanatoka?"

"Yanatoka."

"Kamua zaidi. Titi linatoa linavyoombwa. Usipoliomba, linanyamaza."

Habari zilimfikia mama mkwe. Alikuja, akamshika mtoto mapaja, akamrudishia mama yake.

"Kifua hicho chote, mwenzangu, kumbe bomba la maji! Sasa sikiliza. Kliniki ijayo kama hajapanda, namchukua. Nitamlea kwa maziwa ya kopo kama nilivyomlea mumeo, na jibaba lenyewe unaliona."

 Binti akaanza kunywa uji mpaka tumbo linamuuma. Akaongeza kwenda stoo, msimamizi akaongeza kugonga. Chuchu zikapasuka. Na mawazo nayo hayakamuliki. Chupa iliyokuwa ikijaa ikaanza kurudi nusu. Mzee alimwonea huruma. Akawa anaengua kwa uangalifu zaidi, hata tone la chini lisipotee.

Siku ya mapumziko binti alikuwa amelala na mtoto. Akatoka kutafuta maji ya kunywa, akamkuta baba yake jikoni, kijiko mkononi.

"Baba, unafanya nini?"

"Naengua. Nilishazoea, usijali."

"Unaengua nini?"

"Mafuta. Hayo si ya mtoto mchanga. Mama yako hakuwapa ninyi hata siku moja."

Binti alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa. 

"Mama alikuwa anaengua ya ng'ombe, baba. Mimi ni ng'ombe?"

Mzee alikitazama kijiko.

"Hayo mafuta ndiyo shibe yake. Nesi kanambia yatapanda juu, nitikise tu chupa. Tangu lini unaengua?"

"Tangu urudi kazini."

Alichukua kijiko mkononi mwa baba yake, akakiosha, akakirudisha mahali pake.  Mzee alitamani mkewe angekuwepo, hata awe wa kumgombeza tu.

Kliniki iliyofuata mtoto alikuwa amepanda. Kidogo, lakini amepanda. Mama mkwe alikuwa anawasubiri nyumbani, kanga ya kumbebea mtoto iko begani.

"Ameanza kupanda, mama," binti alisema. "Nipe mpaka kliniki nyingine. Nakuomba."

Mama mkwe alimpima mtoto kwa mikono. Uso ukalegea.

"Haya. Kliniki moja tu. Labda hayo maji yako yameanza kukolea."

Hapo ndipo roho ilipomchoma mzee. Mwanawe kutukanwa kwa kosa lisilo lake, hilo halikupita kooni.

"Maziwa yake hayana kasoro," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nayaengua."

"Baba!" binti alisema.

"Unaengua? Maziwa ya mama?" Mama mkwe alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akaacha kucheka. "Na kesho huyu akienda kiwandani, mtoto anabaki na nani?"

Binti alimgeukia baba yake.

"Nimeuliza, mkwe. Anabaki na nani?"

Mama mkwe alimfunga mtoto mgongoni mwenyewe, akaondoka naye.

Siku za mwanzo binti alimpelekea chupa. Zilirudi zimejaa. Mtoto ameshazoea kopo, aliambiwa, usimchanganye tumbo. Matiti yakavimba, yakauma, yakalegea. Stoo akaacha kwenda, na msimamizi akamsifu kwa idadi ya mashati.

Jioni moja alikuwa amesimama mlangoni na sare ya kazi, mtoto wa jirani akalia. Madoa mawili yakalowa kifuani. Mzee aliona, akageuza uso.

"Mwanangu, si ungenitukana tu yaishe."

"Nikutukane kwa lipi? Ulinitetea, baba."

Alisema bila kumtazama, akaingia ndani kubadilisha blauzi.