Leso za Kuingilia Metro

Nikinusa petroli siwezi kukaa. Hata leo, mtu akijaza jenereta mahali nilipo, miguu yangu inaanza kuchezacheza chini ya meza na macho yanatafuta mlango uko wapi. Ni harufu ya ukumbi wa video wa Papa Safi, pale Kamembe, kwenye mteremko unaotazama ziwa na nyumba za Bukavu ng'ambo: petroli ya jenereta iliyofungwa nyuma ya ukuta wa mbao, sambaza, wale dagaa wa ziwani, wanaokaangwa mlangoni, na mapazia mazito yaliyonyeshewa asubuhi yakakaukia juu ya vichwa vyetu. Mapazia yale aliyashona mama yangu, fundi wa cherehani, ili mwanga wa mchana usiingie. Kwa ajili hiyo sisi watatu, yaani Maman, dada yangu Zaina na mimi, tulikuwa na benchi letu la mbele kila Jumapili alasiri, wala hakuna aliyetuuliza kitu. Nilikuwa na miaka kumi. Katika msimu ule mmoja wa mvua nilitazama treni za chini ya ardhi nyingi kuliko, nadhani, mtoto mwingine yeyote wa Rwanda, nchi isiyokuwa na reli. Na hatukuzitazama kwa starehe. Tulikuwa tunajifunza, maana safari ya Zaina ilitegemea hilo.

Zaina, mwenye miaka ishirini na mmoja, alikuwa ameozwa mvua zilipoanza. Mumewe alikuwa Idi, kijana wa mtaani kwetu aliyekwenda kuchoma mikate Brussels. Siku ya nikaha bwana arusi hakuwepo. Mjomba wake alikaa sebuleni kwetu akiwa wakili wake, akaitikia kwa niaba yake, tukala pilau, na Idi mwenyewe tukamsikia kwenye simu akikohoa kwa furaha. Kisha ikaja barua. Shemeji aliandika kwamba ndege ingetua saa ambazo yeye yuko kwenye tanuri na tajiri wake hampi ruhusa, kwa hiyo Zaina apande treni pale uwanjani mpaka kituo kikubwa, ashuke ngazi, aingie metro, ahesabu vituo tisa, atoke. Ni rahisi, aliandika. Ndani ya barua kulikuwa na karatasi yenye mistari ya rangi iliyopitana juu kwa chini kama mabaki ya nyuzi kwenye droo ya cherehani. Ndege haikututisha. Uwanja wa ndege uko palepale kwetu, na ndege zikipita hata kuku wa Maman hawakuinua vichwa. Lakini treni inayotembea chini ya udongo ilikuwa jambo jingine. Maman alisema ataitoa ruhusa siku atakapojua kitu hicho kikoje, si kabla. Usilolijua ni kama usiku wa kiza, naye hakuwa mama wa kumsukuma binti yake kizani. Na Zaina alitaka kwenda, nisilifiche hilo. Vituo tisa alivijua kwa moyo, akivitaja kimoja kimoja huku akipiga pasi magauni ya wateja, na akifika cha tisa hucheka peke yake.

Kwa hiyo tukaenda kwa Papa Safi. Alikuwa mtu wa Bukavu, Mkristo, aliyevuka daraja la Rusizi kila Jumapili baada ya misa akiwa na katoni ya kaseti kichwani. Siku hizi filamu zinajisemea zenyewe. Wakati ule zilisemewa. Papa Safi alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti, akatufasiria kila kitu kwa Kiswahili, na pale asipoelewa alitunga. Spika moja ilikuwa ndani na nyingine nje, juu ya mlango, ili wapita njia watamani. Kuhusu treni hakuna aliyethubutu kumbishia, kwa sababu alikuwa mtu pekee tuliyemjua aliyewahi kupanda treni: ile ya Kalemie, kule Kongo, akiwa kijana, akienda kutafuta kazi. Msema pweke hakosi. Kila metro iliyopita mbele yetu, iwe ya mji gani, Papa Safi aliieleza kwa treni yake ya Kalemie. "Mubebe chakula," alimwambia Zaina kwenye kipaza sauti, ukumbi mzima ukisikia. "Treni ilitulazaga mu pori siku ine." Siku nyingine akauliza, "Juu ya udongo moshi inapanda mu hewa. Sasa chini ya udongo itapita wapi? Inabaki mule mule na bantu." Na kweli, Jumapili hiyohiyo, kwenye kaseti, watu wa metro wakaanza kukohoa na kuziba pua kwa nguo. Maman aliniangalia, nikamwangalia. Kesho yake alikata kitambaa cheupe cha pamba, akashona leso sita za mikunjo miwili, akazipinda kingo vizuri, za Zaina kuzilowanisha maji kabla ya kushuka ngazi.

Naomba nizigombe kidogo zile filamu, maana nina haki hiyo. Hakuna hata moja iliyotuonyesha mtu akingoja. Shujaa akifika, treni imefika. Hakununua tiketi, hakupotea njia, hakuuliza mtu, na kuuliza si ujinga. Mabehewa yalikuwa matupu mpaka muuaji aingie. Taa zilizimika kila mara, kana kwamba metro inalipia umeme kwa shida kama sisi. Dereva alikuwa amekufa, au amelala, au hakuwepo tangu mwanzo, na treni ikaendelea kuongeza mwendo, na kulikuwa na mtu juu ya paa lake akipigana. "Angalieni bien," alisema Papa Safi, "ukichelewa inakuacha, ukiharakisha inakukula." Zaina aliandika kwenye daftari: usiharakishe, usichelewe. Aliandika kila kitu, masikini, kama mwanafunzi wa mtihani wa taifa: usikae behewa la mwisho, usimwangalie mwanamume mwenye koti refu. Maman hakuandika. Alikaa ameshika ncha ya mtandio wake, na kila Jumapili alirudi nyumbani ameuma meno zaidi kuliko Jumapili iliyopita.

Sasa nifike kwangu. Baba yetu alifariki nikiwa sijajua kutembea, na Maman alikuwa mtu wa cherehani, kutwa yuko na wateja kutoka Nkungu na Gitambi waliotaka sare na magauni ya harusi. Aliyenilea ni Zaina. Ndiye aliyenisuka, aliyenipeleka shule, niliyelala naye kitanda kimoja mgongo kwa mgongo. Tangu ilipokuja ile barua sikuweza kutulia. Nilikuwa nikianza kula nasimama, nikianza kusoma natoka nje, nikifika nje nasahau nimetoka kufanya nini. Nilimchukia Idi, nikaichukia mikate. Na ikawa kwamba miwani ya Papa Safi ilivunjika, naye Kifaransa cha kwenye makasha ya kaseti kilimshinda, akaniomba nimsomee migongo ya makasha hayo kabla ya kila onyesho ili ajue kisa kabla hajaanza kukifasiri. "We uko na akili ya shule," aliniambia. "Chagulia dada yako filme ya metro." Nikazisoma zote, nikachagua. Nilichagua za moto, za mafuriko, za wauaji. Nilikuwa najua ninachofanya; mtoto wa miaka kumi anajua.

Kulikuwa na kaseti moja tu ya namna nyingine. Nakumbuka kasha lake lilikuwa la kijani na kona moja imetafunwa na panya. Mgongoni paliandikwa kwamba mwanamume na mwanamke wanapanda metro moja kila asubuhi kwenda kazini, wanaangaliana, na siku moja wanasalimiana. Hakuna anayekufa. Niliisoma mara mbili. Papa Safi akauliza, "Na hii?" Nikamjibu, "Hii haina metro, Papa." Akaitia chini kabisa ya katoni.

Jumapili ya mwisho ilikuwa ya mafuriko. Treni imesimama katikati ya handaki, taa zimezimika, maji yanapanda, watu wanapiga vioo kwa ngumi, na mwanamke mmoja amemnyanyua mtoto wake juu ya kichwa. Papa Safi naye siku hiyo alikuwa na sauti nzuri, akawalilia wale watu kama ndugu zake. Maman akasimama. Mwanga wa ile televisheni ulimpiga usoni na kivuli chake kikafunika nusu ya ukuta wa nyuma. Watu wa nyuma wakamwambia aketi, hakuketi. "Imetosha," alisema. "Mutoto yangu hawezi kuingia mu shimo na miguu yake mwenyewe. Mu shimo bantu banaingizwaga bakiisha kufa." Papa Safi alizima kipaza sauti. Zaina alisema polepole kwamba ni filamu tu, kwamba Idi yeye hupanda metro hiyo kila siku na bado mzima. Maman akamuuliza kama Papa Safi, mtu mzima aliyepanda treni, ni mwongo. Kumwita mtu mzima mwongo mbele za watu si tabia yetu; Zaina akainuka, akachukua daftari lake. Tulipanda mteremko kurudi nyumbani, mvua ikitunyeshea wote watatu, na mimi nilitaka kurukaruka. Nililiona tope, nikaliruka. Dada yangu alikuwa analia mbele yangu nami nikaliruka tope kwa furaha.

Furaha ile haikumaliza wiki. Zaina alifunga daftari, akawa anapiga pasi bila kuvitaja vituo. Siku moja ya katikati ya wiki, siku ya soko, Papa Safi alifungua ukumbi bila kutuita, na sauti yake ikatufikia uani kupitia ile spika ya nje. Haikuwa na uchangamfu wowote; filamu ilikuwa inamchosha. "Hapa hakuna kitu," alisema. "Bako mu metro. Bamekaa. Uyu anasoma gazeti. Uyu analala. Bamekaa tu." Zaina aliinua pasi juu ya nguo, akaishikilia hewani. "Husna," akaniita, "ile ni filme gani?" Nikamwambia sijui. Akaendelea kusikiliza mpaka makaa ya pasi yakaanza kupoa. Idi alikuwa bado anaandika barua wakati ule, bado alikuwa anasubiri. Maneno yangu machache tu yangetosha, Maman angeketi kwenye benchi na kuona watu wamekaa. Sikuyasema. Mvua zilipokwisha talaka ikafika kwa mkono wa yule mjomba aliyekuwa wakili, naye alisimama mlangoni hakutaka kuingia. Wanaume waliomposa Zaina baadaye aliwarudisha wote. Maman alipofariki, cherehani ikawa yake. Zile leso sita tulizitumia jikoni kufunikia unga, mpaka ikabaki moja. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu amekua, ana ndevu sasa.

Mwaka huu kazi yangu ilinipeleka Brussels kwa wiki mbili. Siku ya pili, ambayo sikuwa na mkutano, nilishuka ngazi za kituo kile kikubwa nikiwa na leso ya mwisho kwenye mkoba, kana kwamba naingia mtihani wa mtu mwingine. Nilinusa chuma cha moto na keki za sukari zilizokuwa zikichomwa mahali fulani juu. Moshi haukuwepo. Nilinunua tiketi kwenye mashine baada ya kuharibu mara mbili, na kijana wa nyuma yangu akanisaidia bila kuniangalia usoni. Ukutani palikuwa na ile karatasi ya Idi, mistari ileile ya rangi, imekuwa kubwa kuliko mlango. Katika yote tuliyofundishwa msimu ule, karatasi ile ndiyo iliyosema kweli, na ndiyo tuliyoipuuza. Kisha nikangoja. Dakika za kungoja zilikuwa zimeandikwa juu kwa taa, na watu waliziangalia wakapiga miayo. Treni ilikuja, nikapanda, nikahesabu vituo. Taa hazikuzimika hata mara moja. Mzee alishika mfuko wenye vitunguu vya majani virefu. Msichana alijipaka wanja bila kutetemeka. Sikuweza kukaa, nilisimama nikishika nguzo, nikitazama huku na huku, mimi peke yangu behewani mwenye sura ya mtu wa filamu. Kituo cha tisa nilishuka, nikaona simu inashika mtandao, jambo jingine ambalo filamu hazikutuambia. Nikampigia Zaina.

Nyuma ya sauti yake cherehani ilikuwa inakwenda. Aliniuliza niko wapi. Nikamwambia niko chini ya ardhi, kwenye metro, kituo cha tisa.

"Leso yako iko na maji?" akauliza, tukacheka wote wawili. Cherehani ikaendelea. "Moshi iko?"

"Hakuna, Dada. Inaenda na umeme."

"Na bantu? Banakimbia?"

Niliangalia. Treni ya upande wa pili ilikuwa imesimama mbele yangu, na nyuma ya kioo mwanamke wa rika la Zaina alikuwa ameegemeza kichwa, mdomo wazi kidogo, mfuko wa soko mapajani.

"Hapana," nikamwambia. "Banasinzia."

Cherehani ikanyamaza. Nilisikia jogoo wa uani kwetu, na mtu akipita barabarani na redio. Kisha Zaina akasema, taratibu kabisa, "Ni kama ile filme Papa Safi alisema hakuna kitu. Nilikuuliza ni filme gani."

"Naijua, Dada. Niliisoma mimi kwenye kasha, kabla ya wote. Nikamwambia Papa Safi haina metro."

Simu hakuikata. Treni yangu ya kurudi ikaja, milango ikafunguka, watu wakashuka, wengine wakapanda, milango ikafungwa. Ikaja nyingine. Nilibaki nimesimama palepale na simu sikioni, nikingoja cherehani ianze tena.